Kiingereza cha uwanjani si cha mtihani: Safari ya mtoto mgeni katika shule ya matayarisho Uingereza

WAZAZI wanaowapeleka watoto wao katika shule za matayarisho nchini Uingereza aghalabu huulizia karo, mabweni, chakula na baridi. Suala la lugha huja mwishoni, na mara nyingi hujibiwa kwa sentensi moja tu: mtoto bado mdogo, ataokota Kiingereza akicheza na wenzake. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki ndiyo inayoweza kumnyima mtoto nafasi katika shule ya upili ambayo mzazi alikuwa akiilenga tangu mwanzo.

Jina lenyewe lahitaji ufafanuzi. Nchini Marekani, shule ya matayarisho ni shule ya upili inayowaandaa vijana kwa masomo ya chuo kikuu. Uingereza mambo ni tofauti: hiyo ni shule ya msingi ya kibinafsi inayochukua watoto wa kuanzia miaka 7 au 8 hadi 13, na nyingi zina kitengo cha chini kwa watoto wadogo zaidi. Mfumo huo uliletwa hapa Kenya enzi za ukoloni na ungalipo. Pembroke House ya Gilgil, mathalan, ilianzishwa mnamo 1927 kwa kielelezo hicho. Makala haya yanahusu shule zilizoko Uingereza kwenyewe.

Kinachotayarishwa ni kujiunga na shule za upili za kibinafsi, zile ambazo Waingereza, kinyume na mantiki yote, huziita shule za umma. Mlango wa jadi ni mtihani uitwao Common Entrance, ulioanza 1904, ambao hufanywa mtoto akiwa na umri wa miaka 11 au 13. Kwa wale wa miaka 13, Kiingereza, hisabati na sayansi ni masomo ya lazima. Mengine ni kama historia, jiografia, Kifaransa na Kilatini. Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba karatasi hutungwa na bodi moja lakini husahihishwa na ile shule ya upili ambayo mtoto ameiomba. Msahihishaji hatafuti tu jibu sahihi. Anamchagua mtoto atakayeishi naye miaka mitano.

Katika miaka ya karibuni mlango huo umesogezwa mbele. Baadhi ya shule za upili zimeuacha mtihani wa zamani, na nyingi huwapima waombaji mapema kwa mtihani wa kompyuta mtoto akiwa na miaka 10 au 11. Mtihani huo hupima Kiingereza, hisabati, hoja za maneno na hoja zisizotumia maneno. Kwa mtoto aliyezaliwa London hilo ni badiliko la ratiba tu. Kwa mtoto aliyewasili juzi kutoka Shanghai, Madrid, Moscow au Dar es Salaam, ni kupokonywa miaka miwili aliyokuwa akiihitaji sana.

Wanafunzi hao wa kigeni si kikundi kidogo cha kupuuzwa. Kwa muda mrefu China na Hong Kong zimekuwa miongoni mwa chimbuko kuu la wanafunzi wa shule za kibinafsi Uingereza ambao wazazi wao wanaishi ng'ambo. Wengine hutoka Ulaya, Nigeria na nchi za Ghuba. Wapo pia watoto wanaozungumza Kiswahili nyumbani, wakiwemo wana wa mabalozi, wafanyabiashara na wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa.

Sheria za uhamiaji haziwaulizi watoto hawa lolote kuhusu lugha. Viza ya mwanafunzi mtoto, iliyoanza kutolewa Oktoba 2020 badala ya ile iliyotangulia, ni ya watoto wa miaka 4 hadi 17 wanaosoma katika shule za kibinafsi zilizoidhinishwa. Inadai barua ya shule, fedha, idhini ya wazazi na mpango wa malezi. Haidai cheti cha Kiingereza, tofauti na viza ya wanafunzi wakubwa. Kwa hiyo mzigo wote wa kuamua kama mtoto ataweza kufuata masomo umewaangukia wenye shule, ambao pia ndio wanaopokea karo. Hapo panahitaji mzazi aliye macho.

Lugha mbili ndani ya moja

Mnamo 1979, mtaalamu wa elimu wa Kanada, Jim Cummins, alipendekeza kutofautisha aina mbili za ujuzi wa lugha. Ya kwanza ni lugha ya mazungumzo: ya kuomba mpira, kubishana kitandani usiku, kueleza kilichotokea kwenye sinema. Ya pili ni lugha ya masomo: ya kusoma kitabu cha historia, kueleza matokeo ya jaribio la sayansi, kujenga hoja katika insha. Utafiti wake wa baadaye juu ya watoto wahamiaji mjini Toronto, pamoja na tafiti nyingine zilizofuata, ulionyesha kwamba ya kwanza hupatikana kwa takriban miaka miwili. Ya pili huchukua miaka mitano, wakati mwingine saba au zaidi, kabla mtoto hajawafikia wenzake waliozaliwa na lugha hiyo.

Sababu haifichiki. Mazungumzo yana wasaidizi wengi: ishara za mikono, sura ya msemaji, kitu chenyewe kikiwa mbele ya macho. Ukurasa wa kitabu hauna hata mmoja. Fauka ya hayo, mtoto mgeni anamfukuza mtu anayekimbia. Wakati yeye anajifunza maneno ya mwaka jana, wenzake hawakusimama kumngoja.

Sasa mzazi na apige hesabu. Mtoto anayefika akiwa na miaka 11 bila Kiingereza ana miaka miwili kabla ya mtihani wa miaka 13. Muda huo watosha kwa lugha ya kwanza tu. Atakuwa akicheka na wenzake, akipiga simu nyumbani akichanganya Kiingereza, akiigiza katika tamthilia ya shule. Kila anayemsikia atasema amekwisha kujua. Ni wakati huo huo ambapo masomo ya ziada ya lugha huondolewa, ama kwa sababu mwalimu ameridhika, ama mzazi amechoka kulipia. Kisha matokeo ya mtihani huja na watu wazima hushangaa.

Mfano wa hisabati waonyesha jinsi mtego ulivyofichika. Wengi hudhani hisabati haina lugha. Lakini mtoto aliyejifunza neno 'table' chumbani mwa kulia hulikuta darasani likimaanisha jedwali. 'Volume', ambalo alilijua kama sauti ya redio, sasa ni ujazo. 'Mean', alilosikia likitumiwa kumwita mtu mchoyo au katili, ni wastani. 'Difference' si tofauti yoyote tu bali ni jibu la kutoa. 'Odd' ambalo ni ajabu limekuwa namba witiri. Katika sayansi, mtoto wa Kikatoliki aliyezoea 'mass' ya Jumapili huambiwa aipime kwa mizani. Maneno magumu na marefu hayamsumbui sana, kwa kuwa anajua hayajui na atayatafuta kwenye kamusi. Yanayomwangusha ni mafupi, yale anayodhani anayajua.

Kisha kuna vitenzi vinavyobadilika maana kwa kipashio kidogo kinachofuata. 'Put off' ni kuahirisha, 'put out' ni kuzima, 'put up with' ni kuvumilia, na neno lenyewe 'put' ni kuweka tu. Mswahili huongeza kiambishi ndani ya kitenzi, piga ikawa pigia, pigana, pigisha, na maana huonekana ikikua kutoka kwenye shina. Kiingereza hakimpi mgeni fununu kama hiyo.

Tena kuna sentensi za vitabu. Uwanjani mtoto husema mfalme alikasirika, watu wakaasi. Kitabu cha historia husema hasira ya mfalme ilichochea uasi. Vitenzi vimegeuzwa kuwa nomino, watenda wamefichwa, na matukio mawili yamefungwa pamoja katika sentensi moja. Hakuna mtoto anayezungumza hivyo bwenini. Asipofundishwa kuifungua sentensi ya namna hiyo, na baadaye kuijenga mwenyewe, hatajifunza kwa kucheza kandanda hata akicheza mpaka usiku.

Amri za mtihani nazo zina lugha yake. 'Discuss' si kupiga gumzo, ni kuweka hoja za pande mbili. 'Account for' hakuhusiani na hesabu za benki. Ni kueleza sababu. Mtoto anayeifahamu historia vizuri anaweza kukosa alama zote za swali kwa kulijibu swali ambalo hakuulizwa.

Msaada unavyotolewa

Msaada huu Uingereza huitwa ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya ziada. Neno 'ziada' lilichaguliwa badala ya 'pili' kwa kuwa watoto wengi wanaofika tayari wana lugha mbili au tatu. Msomaji wa Kenya ataelewa mara moja: mtoto wa Kisii aliyekulia Nakuru hawezi kuambiwa Kiingereza ni lugha yake ya pili.

Kazi huanza kabla ya mtoto kufika. Shule nyingi humpima kwa mtihani wao wenyewe au ule uitwao UKISET, uliotungwa mahsusi kwa wanafunzi wa ng'ambo wanaoomba shule za kibinafsi. Huu hupima hoja za maneno, hoja zisizo za maneno, hisabati, Kiingereza na insha fupi. Faida yake kubwa ni kuziweka alama hizo kando kwa kando. Mtoto anayefanya vyema sana katika maumbo na michoro, kisha akaanguka katika maneno, hana upungufu wa akili. Ana upungufu wa lugha, na huo una dawa. Viwango vya Kiingereza hutajwa kwa ngazi za Baraza la Ulaya zilizochapishwa 2001, kuanzia A1 kwa anayeanza hadi C2 kwa bingwa. Wadogo hufanya mitihani ya Cambridge ya Starters, Movers na Flyers, ambayo haina kuanguka na humtia mtoto moyo, ingawa haithibitishi kwamba ataimudu karatasi ya historia.

Baada ya hapo njia ni mbili. Ya kwanza ni kumtoa mtoto darasani kwa vipindi kadhaa kwa wiki, peke yake au na wenzake wawili watatu, afundishwe na mwalimu wa lugha. Aghalabu hutolewa wakati wenzake wanasoma Kifaransa au Kilatini. Ya pili ni kumwacha darasani na kumpelekea msaada huko huko: mwalimu wa lugha huketi naye, au hushirikiana na mwalimu wa somo kuandaa maneno ya kipindi kijacho.

Mjadala kuhusu njia hizi una historia chungu ambayo shule za kibinafsi huielekea kuisahau. Katika miaka ya 1960 na 1970, watoto wa wahamiaji kutoka Asia walioingia shule za serikali Uingereza walitengwa mara nyingi katika vituo vya lugha, mbali na wenzao. Ripoti ya kamati ya Lord Swann ya 1985 ilipinga mtindo huo. Mwaka uliofuata, Tume ya Usawa wa Rangi ilitoa uchunguzi wake kuhusu wilaya ya Calderdale, kaskazini mwa nchi, ikaamua kwamba kuwapima watoto wa asili ya Asia na kuwapeleka katika vituo vya pekee kulikuwa ubaguzi usio wa moja kwa moja chini ya sheria ya 1976. Tangu hapo shule za serikali zikahimizwa kuwafundisha watoto hao ndani ya darasa la kawaida.

Uamuzi huo ulikuwa wa haki, lakini ulileta tatizo jingine. Kumwacha mtoto darasani bila mwalimu anayejua namna ya kumsaidia ni kumtenga vilevile, ila mara hii akiwa ameketi katikati ya wenzake. Mnamo 2016 serikali ilizitaka shule zake za Uingereza ziripoti kiwango cha Kiingereza cha kila mtoto wa namna hiyo kwa hatua tano, kutoka anayeanza kabisa hadi aliye fasaha. Agizo hilo liliondolewa 2018, huku watafiti wakionyesha kwamba kiwango hicho ndicho kinachoeleza matokeo ya mtoto kuliko kule kujua tu kwamba nyumbani huzungumza lugha nyingine.

Shule za matayarisho hazikupitia mjadala huo kwa kina. Nyingi zingali zinategemea vipindi vya pembeni, kwa sababu ni rahisi kuvipanga na rahisi kuvitoza ada. Havina ubaya kwa anayeanza; mtoto asiyejua kuomba ruhusa ya kwenda msalani anahitaji pahali patulivu pa kuanzia. Ubaya ni pale mwalimu wa lugha anapofundisha wanyama wa shambani wiki ambayo darasa la sayansi linasoma mzunguko wa damu. Shule nzuri huonekana kwa jambo dogo: mwalimu wa lugha anayo orodha ya maneno ya sayansi ya wiki ijayo, na mtoto huyasikia kwake siku tatu kabla ya kuyakuta darasani. Anaingia akiwa anajua kitu. Tofauti inayoletwa na hilo ni kubwa kuliko vifaa vyote vinavyoonyeshwa wageni siku ya matembezi.

Kosa la Mswahili

Mwalimu anayejua angalau kidogo kuhusu lugha ya nyumbani ya mtoto huona mengi ambayo mwingine huyaita uzembe. Mchina au Mrusi huacha vile vineno 'a' na 'the' kwa kuwa lugha yake haina. Mwarabu huandika vizuri sana mkono wake ukienda upande mwingine, na lazima afunze upya jicho na kalamu.

Mtoto wa Kiswahili ana yake. Neno 'yeye' halisemi kama ni mwanamume au mwanamke, basi husema 'he' akimzungumzia mama yake, na wenzake humcheka. Saa ni balaa jingine. Akiambiwa kipindi ni saa nane kwa Kiingereza, kichwa kilichozoea kuhesabu tangu jua kuchomoza chaweza kumpeleka baada ya chakula cha mchana, ilhali wenzake waliingia darasani asubuhi, saa mbili ya kwao.

Lakini linaloleta ugomvi zaidi ni swali la kukana. Mwalimu humuuliza, "Hujamaliza?" Kwa Kiswahili, asiyemaliza hujibu "Ndiyo", akimaanisha kwamba mwalimu amesema kweli. Mwingereza angejibu "La". Mwalimu husikia 'yes', huamini kazi imekamilika, hufungua daftari na kulikuta tupu. Mtoto amesema ukweli mtupu na anaitwa mwongo. Halikadhalika heshima: mtoto aliyefunzwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa huamriwa amtazame mwalimu usoni. Akisema "Nipe maji", ambalo kwao laweza kusemwa kwa sauti ya upole bila kosa, likifasiriwa neno kwa neno bila 'please' linakuwa amri ya mtovu wa adabu.

Watoto wa Kenya waliosomea akademia za jijini wana hali yao ya pekee. Wengi wamesoma kwa Kiingereza tangu chekechea na hawahitaji kufundishwa salamu. Wanachohitaji ni kuzoea lafudhi za huko, kasi ya mazungumzo na maneno ambayo Nairobi hutumiwa kwa maana nyingine. Shule inayowatupa katika darasa la wanaoanza kwa sababu ya pasipoti imewapotezea mwaka. Ile inayodhani hawahitaji lolote kwa sababu wanazungumza vizuri imerudi katika kosa lile lile la kupima kisima kwa kutazama juu ya maji.

Ukimya si ujinga

Wapo watoto wanaofika na kunyamaza. Wiki hupita, wakati mwingine miezi, mtoto akisikiliza bila kusema ila neno moja moja. Wataalamu huiona hali hiyo kuwa ya kawaida: mtoto anakusanya kabla ya kutoa. Kumlazimisha asome kwa sauti mbele ya darasa humrudisha nyuma. Kumpa kazi ya kuchora, kupanga picha au kuonyesha kwa kidole humruhusu kuthibitisha kwamba anaelewa.

Hatari ni kuuchukulia ukimya huo kuwa ulemavu wa kujifunza. Sheria ya Watoto na Familia ya 2014 ya Uingereza yasema wazi kwamba mtoto hawezi kuhesabiwa kuwa na tatizo la kujifunza kwa sababu tu lugha ya nyumbani kwao si ile anayofundishiwa. Hata hivyo, yapo makosa ya upande wa pili pia. Mtoto mwenye tatizo halisi la kusoma anaweza kukaa miaka mitatu kila mtu akisema ni Kiingereza tu kinachomsumbua. Njia ya kupambanua ni kuuliza anavyosoma kwa lugha yake mwenyewe. Mtoto anayebabaika kusoma Kichina nyumbani na Kiingereza shuleni anahitaji kuchunguzwa na mtaalamu mwingine. Swali hilo linaweza kujibiwa na mzazi peke yake, na shule isiyoliuliza imejinyima ushahidi ulio bora kuliko wote.

Lugha ya nyumbani

Kuna shule za bweni zinazokataza watoto kuzungumza lugha zao mchana kutwa, kwa nia njema ya kuwaharakisha. Msomaji wa Afrika Mashariki hatalisikia jambo hilo bila kukumbuka mengine. Marehemu Ngugi wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha 1986, alieleza jinsi mwanafunzi aliyenaswa akisema Kikuyu karibu na shule alivyochapwa au kuvishwa bamba shingoni lenye maneno ya kumdhalilisha. Shule za sasa za Uingereza hazifanyi hivyo, na si haki kuzilinganisha kwa pupa. Lakini mtoto wa miaka 9 anayeambiwa lugha ya mamake haifai mezani huelewa ujumbe bila bamba lolote.

Kuna sababu ya kitaaluma pia ya kuiacha lugha hiyo iishi. Cummins alisisitiza kwamba ujuzi uliojengwa katika lugha moja huhamia nyingine. Aliyekwisha kuelewa kwa Kiswahili maana ya uvukizi hahitaji kufundishwa upya jinsi maji yanavyogeuka mvuke. Anahitaji neno tu. Asiyeelewa kwa lugha yoyote anabeba mizigo miwili. Ndiyo maana baadhi ya walimu humruhusu mtoto kupanga insha yake kwa lugha ya kwao, au kutumia kamusi ya lugha mbili, kisha kuandika kwa Kiingereza. Na ndiyo maana ushauri unaotolewa wakati mwingine kwa wazazi, wa kuzungumza Kiingereza kibovu nyumbani ili kumsaidia mtoto, ni ushauri mbaya. Mtoto husaidiwa zaidi na mama anayemsimulia kwa Kiswahili sanifu na kirefu kuliko baba anayemwamuru kwa Kiingereza cha maneno kumi.

Likizo nazo zina umuhimu wake. Mtoto anayerudi Mombasa kwa wiki nane bila kufungua kitabu cha Kiingereza atapoteza baadhi ya alichopata. Kitabu kimoja cha hadithi kwa wiki, anachokichagua mwenyewe, hutosha kuzuia hasara hiyo. Masomo ya ziada ya kila asubuhi huzuia pia, lakini humfanya aichukie lugha.

Kabla ya kutia sahihi

Gharama haina budi kutajwa. Tangu Januari 1, 2025, karo za shule za kibinafsi Uingereza hutozwa kodi ya VAT ya asilimia 20. Masomo ya lugha katika shule nyingi ni malipo ya juu ya karo, na hutozwa kwa kipindi. Mzazi aulize kwa maandishi ada hiyo ni kiasi gani kwa muhula, itaendelea hadi lini, na nani anayeamua kuikomesha. Kwa watoto wa miaka 4 hadi 11 wanaosoma kutwa katika shule ya kibinafsi, mzazi mmoja anaweza kuomba viza ya kukaa naye, ila haruhusiwi kufanya kazi ya mshahara.

Aulize pia mwalimu wa lugha amesomea kazi hiyo au ni mwalimu wa somo jingine aliyejaziwa vipindi. Aulize kama mwalimu huyo hukutana na walimu wa historia na sayansi, na mara ngapi. Aulize ni nini kinachofanywa kwa mtoto ambaye tayari anazungumza vizuri lakini insha zake zingali fupi. Jibu la swali hilo huonyesha kama shule inaijua kazi yake au inaiuza tu. Na aulize, kabla ya yote, wanafunzi wa kigeni waliofika wakiwa na umri sawa na wa mwanawe bila Kiingereza waliishia katika shule gani za upili.

Ikiwa mtoto ana miaka 11 na lengo ni shule yenye ushindani mkali, huenda mwalimu mkuu mkweli akashauri arudishwe darasa moja nyuma, au aombe shule ya upili isiyotegemea mtihani wa miaka 13. Wazazi wengi hulichukulia pendekezo hilo kama tusi. Mwaka mmoja wa kurudia, hata hivyo, ni theluthi ya pengo la miaka mitatu lililoko kati ya miaka miwili aliyonayo na mitano anayoihitaji.

Kwa wanaozungumza Kiswahili kuna jambo moja zaidi la kuwekwa katika mpango. Cambridge hutahini Kiswahili katika kiwango cha IGCSE, na mtoto aliyeendelea kukisoma na kukiandika, si kukizungumza tu kwenye simu, anaweza kukifanya akiwa shule ya upili. Ili afike huko, vitabu vya Kiswahili lazima viingie kwenye sanduku siku ile ile anaposafiri na sweta zake mpya.